Kamera ya Marehemu Baba

Sandukuni mwa marehemu baba, hapa Likoni, nimekuta kamera yake: Yashica Electro 35, aina iliyotoka Japani mwaka wa 1966. Ukichungulia, mtu huonekana wawili; zungusha lenzi hata wawe mmoja, ndipo ubonyeze.

Lenzi imeingia ukungu kwa unyevu wa bahari, na ukungu ukiachwa hula kioo. Betri yake ya zebaki haiundwi tena, ila za leo hupachikwa zikafaa. Fundi ataka fedha nyingi. Wanangu wacheka: "Baba, si una simu?"

Simu ninayo. Lakini picha za harusi ya jana, mabibi wakiwa bila buibui, leo zimefika hata Kisauni kwa wasiohusika. Filamu nayo, ukiipeleka kusafishwa, mtu baki huziona picha kabla yako. Stara iko wapi?

Nimekata shauri: kamera itengenezwe. Picha 36 za filamu ya kwanza zitakuwa za wazee wetu barazani na wavuvi pwani. Za nyumbani nitajifunza kuzisafisha mwenyewe, chumbani, gizani. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.