Homa ya matumbo haiponi kwa pupa

Katika miji mingi humu nchini, maradhi ya malaria na homa ya matumbo yamekuwa kama chanda na pete. Mtu hujihisi mchovu, kichwa kikamgonga na joto la mwili likampanda. Huingia katika zahanati iliyo karibu, akatolewa damu kidogo, na kabla ya saa moja kwisha akaambiwa kwamba anayo yote mawili. Hutoka na vidonge ndani ya bahasha ya karatasi, akavimeza siku tatu, akapata nafuu na kuvisahau. Baada ya mwezi mmoja au miwili hurudi pale pale na kuambiwa yale yale. Wako watu wanaosema kwamba wameugua homa ya matumbo mara nne katika mwaka mmoja, na hulisema jambo hilo bila mshangao, kana kwamba wanazungumzia mafua.

Homa ya matumbo si mafua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 watu milioni 9 waliugua maradhi haya na wapatao 110,000 wakafariki. Ni maradhi yanayotibika vyema, lakini yanataka subira mahali patatu: wakati wa kupima, wakati wa kutumia dawa, na wakati wa kurudisha nguvu. Pupa ikiingia katika lolote kati ya haya, hasara humfika mgonjwa na jirani zake pia.

Kwanza tufahamu adui mwenyewe. Maradhi haya huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi, ambaye hukaa katika mwili wa binadamu tu. Hatoki kwa ng'ombe, kuku wala mbu. Hutoka katika choo cha mtu mmoja na kuingia katika kinywa cha mwingine kupitia maji, chakula au mikono isiyonawishwa. Akishamezwa, hupenya ukuta wa utumbo, akaingia katika damu na kujificha katika ini, wengu na uboho wa mifupa. Kwa kawaida wiki moja hadi tatu hupita kabla ya mtu kuhisi lolote. Ndipo homa huanza kupanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, pamoja na maumivu ya kichwa, uchovu, kukosa hamu ya chakula na maumivu ya tumbo. Watu wengi hudhani kwamba sharti mgonjwa aharishe, ilhali watu wazima wengi hufunga choo.

Mgonjwa asipotibiwa, hatari kubwa huja kuanzia wiki ya tatu. Utumbo ulioshambuliwa huweza kuvuja damu au kutoboka, na ukitoboka ni upasuaji tu unaoweza kumwokoa. Kabla ya dawa kupatikana, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi waliougua alikufa. Basi homa iliyodumu zaidi ya siku tatu haifai kukaliwa nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tukija kwenye kupima, hapa ndipo pupa huanzia. Kipimo kinachotumiwa sana katika zahanati zetu ni kile cha Widal, ambacho kimepewa jina la daktari Mfaransa aliyekitangaza mwaka wa 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupigana naye. Askari hao huweza kubaki katika damu kwa muda mrefu baada ya vita kwisha, na huweza pia kuonekana kwa sababu ya maambukizi mengine, malaria yakiwa miongoni mwayo. Kwa upande mwingine, mtu ambaye homa ya matumbo imemwanza juzi huweza kuambiwa kwamba hana kitu. Kwa hivyo kipimo hiki kikifanywa mara moja tu, hakitoshi kuthibitisha maradhi.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuchukua damu ya mgonjwa kabla hajameza dawa yoyote na kuiweka maabarani ili viini vilivyomo vikue na vionekane. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, inahitaji vifaa na wataalamu, na hata hivyo wagonjwa wengine huikwepa. Lakini ina faida kubwa, kwani huonyesha pia ni dawa gani inayoweza kumuua bakteria huyo. Simlaumu kibarua anayelipwa kwa siku akikosa muda wa kungoja, wala simlaumu mhudumu wa zahanati ndogo asiye na maabara ya kufanya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba jibu la haraka lisichukuliwe kuwa jibu la hakika. Anayeambiwa kila baada ya miezi miwili kwamba ana homa ya matumbo yafaa aende katika hospitali kubwa na aulize ni maradhi gani hasa yanayomsumbua. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni maradhi ya figo, na muda wote huo anameza dawa isiyomhusu.

Pupa ya pili ni ya dawa. Dawa ya kwanza kuyashinda maradhi haya ilikuwa kloramfenikoli, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1948, na ilionekana wakati huo kuwa muujiza. Leo hali ni nyingine. Tangu miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa Kenya wamekuwa wakipata jijini Nairobi bakteria wasiosikia dawa hiyo pamoja na nyingine zilizokuwa zikitegemewa. Katika jimbo la Sindh nchini Pakistan, kuanzia mwaka wa 2016, kulizuka homa ya matumbo iliyoshinda karibu dawa zote za kawaida, zikabaki chache mno. Viini hujifunza ukaidi huo pale dawa inapotumiwa ovyo: inaponunuliwa bila kuandikwa na daktari, inapopewa mtu asiye na maradhi hayo, au inapoachwa njiani.

Mgonjwa na ajue jambo moja ambalo mara nyingi haambiwi. Hata dawa ikiwa sahihi, homa haishuki siku ile ile. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano. Wengi hukata tamaa siku ya pili wakakimbilia dawa nyingine dukani. Wengine, homa ikishuka siku ya nne, hudhani wamepona na kuweka vidonge vilivyobaki kabatini. Wote hukosea. Dawa humezwa hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, ambayo kwa kawaida huwa kati ya ya 7 na ya 14, kulingana na aina yake. Homa ikizidi siku tano, arudi kwa daktari yule yule.

Pupa ya tatu ni ya kutaka kurudi kazini. Utumbo uliojeruhiwa hauponi kwa siku moja, na mwili uliochomwa na homa hubaki mnyonge kwa wiki kadhaa. Mgonjwa anywe maji safi kwa wingi, apewe uji, supu, ndizi zilizopikwa, mayai na wali laini, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Kumnyima chakula ni kumwongezea udhaifu. Tumbo likimuuma ghafla na kwa ukali, likawa gumu, au choo kikawa cheusi ama chenye damu, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Pia akumbuke kwamba wachache hurudiwa na homa wiki mbili au tatu baada ya kupata nafuu. Hao wanahitaji kutibiwa upya.

Kuna jambo jingine kuhusu kupona. Kati ya kila watu 100 wanaopata nafuu, wachache, pengine wawili hadi watano, hubaki na bakteria katika mfuko wa nyongo kwa muda mrefu, nao hawahisi maumivu yoyote. Mpishi Mary Mallon wa New York aligunduliwa kuwa na hali hiyo mwaka wa 1907. Alizuiliwa, akaachiliwa kwa sharti kwamba asipike tena, akapika kwa jina jingine, na mwaka wa 1915 akazuiliwa tena hadi alipokufa mwaka wa 1938. Hakuamini kamwe kwamba mtu mzima wa afya kama yeye angeweza kuwaambukiza wengine. Kwa sababu hii, anayepika hotelini, kibandani au shuleni, na ambaye ameugua homa ya matumbo, apimwe choo kabla ya kushika tena mwiko. Cheti cha afya ambacho sheria humtaka awe nacho kisiwe karatasi ya kununuliwa.

Hata hivyo, mgonjwa akitimiza haya yote kisha akarudi kunywa maji yale yale, tutakuwa tumefanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Utafiti uliofanywa kati ya miaka ya 2007 na 2009 ulionyesha kwamba mtaani Kibera watu 247 kati ya kila 100,000 waliugua maradhi haya kwa mwaka, ilhali Lwak, kule mashambani magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Watoto wadogo wa Kibera ndio waliopata taabu zaidi. Tofauti hiyo hailetwi na uchafu wa tabia. Katika mitaa ya mabanda, familia nyingi hutumia choo kimoja, na mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji machafu. Yakipasuka, huvuta uchafu ule hadi kwenye mtungi wa mnunuzi.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2025, serikali ilianza kuwachanja dhidi ya homa ya matumbo watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, na mzazi ambaye mtoto wake hakuchanjwa asisite kuuliza katika kituo cha afya. Lakini chanjo haijengi choo wala haizibi bomba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha na mazingira yenye usafi unaofaa. Sisi wananchi tuchemshe maji au tuyatie dawa, tunawe kwa sabuni, tumalize vidonge vyetu. Nazo serikali za kaunti, ambazo maji na zahanati zi mikononi mwao, zitueleze ni lini mabomba yataondolewa mitaroni, na ni lini mgonjwa wa kawaida atapimwa kwa kipimo cha kuaminika.