Mchanga Tumboni mwa Kobe

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Chikongola, mjini Mtwara, nilimfuga kobe katika sanduku la mbao. Kwa kumpenda nilimtandikia mchanga mweupe wa ufukweni, niliouchekecha mpaka ukawa laini kama unga. Mchicha na vipande vya papai nilimtupia juu ya mchanga huo huo, na sanduku nikaliweka chini ya mwembe asiungue jua. Baada ya majuma kadhaa kobe aliacha kula, kisha akaacha kunya. Miguu yake ya nyuma ikalegea, akafa. Mjomba wangu alimpasua kwa kisu cha kuparia samaki. Utumbo ulikuwa umejaa mchanga ulioshikamana, mgumu kama mhogo mbichi. Mjomba akasema, "Mpwa wangu, umemlisha sakafu."

Mwalimu au mwanafunzi anayemtunza kobe, mjusi au kinyonga kwa ajili ya somo la Biolojia aweza kutenda kosa hilo hilo. Yafaa basi tujiulize: mchanga huuaje?

Mbona mamba hafi?

Mamba humeza mawe, nayo hukaa tumboni mwake bila kumdhuru. Kobe wa porini hutafuna mifupa na hata udongo ili kupata kalsiamu ya kujengea gamba. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanaishi juu ya kisiwa cha matumbawe na huishi miaka mingi. Ni dhahiri kuwa mchanga peke yake si sumu.

Tofauti iko katika hali ya kizimba. Kwanza ni joto. Reptilia hawatengenezi joto lao wenyewe kama sisi. Huliazima kwa jua. Mwili ukipoa, misuli ya utumbo hufanya kazi polepole, na kilichomezwa hukaa mahali pamoja. Pili ni maji. Mnyama mwenye kiu hufyonza maji yote yaliyomo katika kinyesi chake, na mchanga hubaki mkavu ukishikamana. Tatu ni kalsiamu. Mnyama aliyeikosa huanza kula mchanga kwa makusudi. Kobe wangu alikuwa na upungufu wa vyote vitatu, tena chakula chake kilipakwa mchanga kila siku.

Kemia ya mchanga wetu

Huenda msomaji akasema kuwa mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kabonati, hivyo utayeyuka katika asidi ya tumboni. Na tulipime jambo hili. Weka kijiko kimoja cha mchanga wa pwani katika bilauri, kisha mimina siki. Povu litakaloonekana ni gesi ya kabonidayoksaidi itokanayo na chembe za matumbawe na makombe. Chembe za silika, kama zile ziletwazo baharini na mito, hazitabadilika hata kidogo.

Sasa tufanye hesabu. Gramu 10 za kalsiamu kabonati huhitaji gramu 7.3 za asidi ya haidrokloriki ili ziyeyuke zote. Tumbo la kobe mdogo halina akiba kama hiyo. Na kiasi kidogo kilichopo kikitumika kuyeyusha mchanga, hakitabaki cha kumeng'enya chakula. Mchanga ukishapita tumboni na kuingia utumboni, huko hakuna tena asidi ya kuuyeyusha.

Tandiko lipi lifae?

Kanuni ni moja: chagua kisichomezeka. Gazeti, mawe bapa makubwa kuliko kichwa cha mnyama, au udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu, vyote vyafaa. Nyuzi za makumbi ya nazi hutunza unyevu, lakini zaweza kumezwa. Zifunikwe kwa mawe bapa. Epuka mchanga, kokoto ndogo, makapi ya mpunga na unga wa mbao. Maganda ya korosho, yapatikanayo kwa wingi Mtwara, yasitumike kamwe, kwa kuwa mafuta yake huunguza ngozi.

Chakula kiwekwe juu ya kigae. Kobe apate jua la asubuhi, ambalo miale yake ya urujuanimno huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, pamoja na kivuli cha kukimbilia. Awe na maji katika chombo kifupi. Kwa kalsiamu, saga mfupa mweupe wa dome uokotwao ufukweni, unyunyize juu ya majani.

Mnyama akiacha kula, akijikamua bila kunya, au miguu ya nyuma ikilegea, apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi. Usimsukume tumbo wala kumnywesha mafuta.

Pamoja na hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata mnyamapori bila kibali. Shule na iulize kwanza kwa afisa wanyamapori. Asipopatikana mnyama kwa njia halali, mjusi wa ukutani aweza kuchunguzwa pale pale alipo, na jaribio la mchanga na siki bado laweza kufanyika darasani.

Sanduku langu lilikuwa safi na la kupendeza machoni pangu. Sikuwahi kujiuliza lilikuwaje kwa aliyekaa ndani yake, ambaye kinywa chake kilikuwa karibu na sakafu kuliko macho yangu.