Safari za Siku Moja: Kutoka Korogwe Kupanda Usambara

Ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, mkiwa mmeketi barazani au darasani, nawahesabu pia kuwa wasikilizaji. Leo nataka kuzungumza habari za safari, lakini si safari ya mbali. Nataka kueleza jinsi mtu mwenye mke na watoto wadogo awezavyo kutoka nyumbani kwake asubuhi, akaona mambo makubwa, akarudi kulala kitandani mwake usiku ule ule.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha walimu, na nyumba yangu iko Korogwe. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 7, na mdogo wao ambaye bado hubebwa mgongoni. Jioni moja binti yangu alikuwa akijifunza somo la jiografia kwa sauti: hewa yenye unyevu ikipanda mlima hupoa, na ikipoa hutoa mvua. Alisema hivyo mara nne bila kukosea. Nikamwuliza, "Mlima gani huo?" Akanitazama kwa mshangao, akajibu, "Wa kitabuni, Baba." Basi, ukisimama nje ya mlango wetu milima ya Usambara iko mbele ya macho yako. Naliona haya sana, maana kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaofundisha wengine. Tena mwakani mtoto huyo akifaulu ataondoka kwenda shule ya bweni, na siku za kumwonyesha nchi yake zimebaki chache.

Nalikuwa na motokaa ndogo, kuukuu, niliyoinunua kwa mtu aliyechoka nayo. Mke wangu hakupendezwa na shauri langu. Alisema, "Baba watoto, petroli hiyo ni sare za shule." Neno lake lilikuwa kweli, wala sikubishana naye. Twalipatana hivi: Jumamosi moja tu kila mwezi, chakula kitoke nyumbani, na njiani tusinunue kitu ila matunda. Kutoka kwetu hata Lushoto na kilele cha Irente, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 160, na motokaa yangu hunywa lita 13 au 14. Msiseme, "Mwalimu huyu asema na wenye magari tu." Kutoka Mombo yako mabasi yapandayo Lushoto kila siku, na aketiye dirishani katika basi huona zaidi kuliko dereva, ambaye hana ruhusa ya kuona kitu ila barabara.

Safari yetu ya kwanza tulianza alfajiri. Kabla ya kufika Mombo, umbali wa kilomita 40 hivi, barabara hupita kando ya mashamba ya mkonge. Mtoto wa Korogwe huuona mkonge kila siku hata asiuone tena. Hapo nalisimamisha motokaa, nikawaambia kwamba mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilipitia Hamburg, na njiani vingi vilikufa. Vilivyofika pwani yetu vikiwa hai vilikuwa 62 tu, navyo vikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hivyo ukatoka mkonge ulioifanya Tanganyika kuwa ya kwanza ulimwenguni kwa mazao hayo katika miaka mingi ya karne ya 20. Mvulana wangu hakusadiki. Akashuka, akaanza kuhesabu mimea kando ya njia, na alipofika 62 hakuwa amemaliza safu mbili. Akarudi kimya, akaketi mahali pake. Naona alifahamu jambo ambalo mimi nisingeliweza kumfundisha kwa chaki.

Mombo iko chini kabisa ya mlima, na jua lake ni kali. Nalikuwa nimeazima kipimajoto chuoni, nikampa binti yangu akitunze kama yai. Saa tatu asubuhi, kivulini, kilionyesha nyuzi 30. Akaandika katika daftari lake. Kisha tukaanza kupanda.

Barabara ya kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33, nayo hupinda na kupinda tena, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili bonde refu lenye mto chini yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi, na Lushoto iko juu ya Mombo kwa kiasi kama hicho. Mtu hahitaji kuambiwa. Ngozi yake humwambia. Kwanza watoto walifungua madirisha yote, baadaye wakafunga moja, na karibu na Soni mke wangu akamfunika mtoto mchanga kwa kanga ya pili. Mimea nayo hubadilika. Miiba na mibuyu hubaki chini. Huanza migomba, kisha mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyokatwa kama ngazi juu ya miteremko ambayo mimi nisingethubutu kusimama, seuze kulima.

Soni iko karibu na nusu ya njia, na maporomoko ya maji yake yaonekana barabarani. Hapo twalikula mihogo yetu. Mzee mmoja alikuwa akiuza mapea na plamu katika kikapu. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," akawapa kila mmoja plamu moja kabla hatujaulizana bei. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwa mkono upande uliko Vugha, mji wa kale wa wafalme wa Kikilindi, watoto na wajukuu wa Mbegha mwindaji, waliowatawala Wasambaa kwa vizazi vingi. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Mwalimu aliye na kitabu hicho na asikisome kabla ya kupanda mlima huo amejidhulumu.

Lushoto penyewe sitakaa sana. Ni mji mdogo mzuri, wenye miti mirefu. Wakati wa Wadachi uliitwa Wilhelmstal. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 23, na binti yangu akatoa hesabu mwenyewe bila kuambiwa. Lakini mtu asiishie mjini. Aendelee kilomita tano au sita hata Irente, na pale mwisho wa njia ashuke, awashike watoto mikono kwa nguvu, maana ardhi hukatika ghafula.

Pale unasimama juu ya jabali, na chini yako, kwa kadiri ya mita 1,000, iko nchi yote. Mazinde ni madoa ya mabati. Mashamba ya mkonge ni kama madaftari yenye mistari. Barabara kuu ni uzi, na lori juu yake ni siafu. Ng'ambo yake nyika huendelea, rangi ya simba, hata macho yanapochoka. Nalimwambia binti yangu ageuke atazame nyuma, kisha mbele tena. Nyuma palikuwa kijani kibichi na ukungu. Mbele palikuwa pakavu. Nikamwuliza sababu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, kama mtu apapasaye gizani, "Hewa hutoka baharini na unyevu wake. Mlima huisukuma juu, hupoa, mvua hunyesha huku. Ikifika kule chini imekwisha kumwaga maji." Kisha akaongeza, "Kumbe ni huu." Mke wangu alinitazama, wala hakutaja petroli tena siku ile.

Sasa yanipasa kusimulia aibu yangu, kwa sababu wengi wenu mtapanda mlima huu au mwingine kama huu, na kila aliyepanda hana budi kuteremka.

Ilikuwa safari ya pili, jioni. Nalitaka kuokoa petroli, nami nalikuwa nimesikia kwa watu kwamba mlima wateremkiwa bure. Tulipopita Soni nalitoa gia, nikaiacha motokaa ishuke kwa uzito wake, nami nikaizuia kwa breki tu. Kona ya kwanza ilikuwa nzuri, na ya kumi pia. Kisha binti yangu akasema, "Baba, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni moto wa wakulima. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, na mguu wangu ukazama kama katika matope. Nikakanyaga tena, hapana kitu. Mbele yetu palikuwa bonde. Sijui hata leo jinsi nilivyoweza kurudisha gia. Nakumbuka mngurumo wa injini, na mkono wangu ukivuta breki ya mkono kidogo kidogo, na ubavu wa motokaa ukikwaruza ukingo wa mlima kwa sauti ya bati linalopasuka. Tukasimama. Mtoto mchanga hakuamka. Mke wangu alishuka na watoto, akaketi nao juu ya jiwe, wala hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko matusi.

Lori lililojaa kabichi lilikuwa likishuka nyuma yetu. Dereva wake alisimama, akayanusa magurudumu yangu, akaniuliza kazi yangu. Nikasema, "Mwalimu." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi, mwalimu, leo uwe mwanafunzi. Gia unayopandia ndiyo gia ya kuteremkia." Akatuamuru tungoje mpaka breki zipoe kabisa, akatuachia kabichi mbili, akaenda zake.

Nyumbani nalifanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya kwanza. Breki huzuia mwendo kwa msuguano, na msuguano hugeuza mwendo kuwa joto. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,000 ikishuka mita 1,000, kama kazi yote ya kuizuia imetupwa juu ya breki peke yake, hupatikana joto la kutosha kuchemsha debe zima la maji. Joto hilo likiingia katika mafuta ya breki, mafuta huchemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea; ndiyo maana mguu huzama, na nguvu yake haifiki gurudumuni. Injini ikiwa katika gia ndogo, yenyewe huzuia motokaa, na breki hupumzika kati ya kona na kona. Tena petroli niliyotaka kuiokoa haikuwako: katika magari mengi ya siku hizi, mguu ukiondolewa kwenye petroli huku gia imeingia, injini huacha kuinywa mpaka mwendo upungue sana.

Nalidhani mke wangu hatakubali safari ya tatu. Alikubali kwa sharti moja: twende Amani kwanza. Njia hiyo yapanda kutoka Muheza, nayo haijafikia ukali wa ile ya Lushoto, ingawa ni ya udongo na mvua ikinyesha huwa utelezi. Wadachi walianzisha kituo cha utafiti wa mimea huko mwaka 1902, na tangu 1997 msitu wake ni hifadhi. Katika milima hiyo huota ua dogo la rangi ya zambarau, likishikamana na miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 Mdachi aitwaye Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alipeleka ua hilo kwao, na leo watu wa Ulaya na Marekani huliotesha katika vyungu madirishani, wengi wao bila kujua kwamba asili yake ni mkoa wetu. Mke wangu, ambaye hupenda maua, alilitazama kwa muda mrefu. Hakulichuma, maana ni mwiko katika hifadhi.

Mwezi uliopita twalirudi Lushoto. Wakati wa kuteremka nalitia gia ya pili tangu juu. Injini ilinguruma njia nzima, na magari mawili yaliyokuwa nyuma yalitupigia honi kwa hasira. Nikayapisha mahali papana. Binti yangu alikuwa ameshika kipimajoto dirishani, akiita kama mnadi: "Ishirini na nne! Ishirini na sita!" Tulipofika Mombo aliita ishirini na tisa, akafunga daftari. Sasa ndugu yake ataka kwenda Pangani, apaone mahali vilipopandwa vichipukizi 62, naye mama yao amekwisha kuuliza mihogo kiasi gani itatosha.