Hadubini ya Macho Mawili, Nyumbani na Madrasani



Ni jambo la kupendeza kuwaona wazazi wa mji wetu wa Dar es Salaam wakiwanunulia watoto wao vyombo vya elimu. Lakini chombo cha elimu kikichaguliwa vibaya hugeuka kuwa kitu cha kuchezea, tena chenye bei ghali. Nasema haya kwa yaliyonipata mwenyewe, na fedha zilizopotea hazikuwa zangu.

Madrasa yetu imo katika mmojawapo wa mitaa ya Kariakoo, si mbali na barabara ya Msimbazi. Miaka michache iliyopita wazazi walichanga fedha ili tununue hadubini, yaani kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, kwa ajili ya watoto wanaosoma shule asubuhi na kuja kwetu alasiri. Fedha zile zilikuwa amana mkononi mwangu. Nikaenda dukani, nikaonyeshwa sanduku zuri lenye picha ya mdudu wa kutisha, nalo limeandikwa kwamba chombo kilichomo hukuza mara 1200. Nikajiambia: kikuzacho mara 1200 hakikosi kuwa bora kuliko kikuzacho mara 20. Nikalipa. Alasiri ile watoto walipanga foleni hadi mlangoni, na kila aliyeweka jicho lake aliona moja katika mambo mawili: giza, au kope zake mwenyewe. Chombo kilikuwa cha plastiki, lenzi zake za plastiki, na kila kilipoguswa kilitikisika kama mtu mwenye homa. Nilipomrudia muuzaji aliniambia kwamba mali ikishafunguliwa hairudi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na daftari la michango lenye majina ya wazazi, na wengi wao ni wachuuzi wa barabarani ambao shilingi elfu moja kwao ina uzito.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni kijana mmoja fundi wa simu. Msomaji aliyepita Mtaa wa Aggrey na vichochoro vinavyoupakana aijua hali ilivyo: meza moja baada ya nyingine, na nyuma ya kila meza kijana ameinama. Huyu alipata kukaa juu ya jamvi letu alipokuwa mdogo. Nilimkuta amebandika macho yake yote mawili juu ya chombo kirefu kilichosimama juu ya nguzo ya chuma.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Hicho unachochungulia ni nini?”

“Hadubini, maalim. Bila ya hii hatuli. Karibu uangalie.”

Akanipisha kitini. Naam, niliuona mji mzima. Vile vipande vilivyomo ndani ya simu, ambavyo kwa macho yangu ni vumbi la rangi ya hudhurungi, vilisimama kama nyumba za mtaa uliopimwa, kila kimoja na kimo chake na kivuli chake. Vipo vipande katika simu za leo ambavyo urefu wake haufiki hata nusu milimita. Ncha ya kibano chake ikashuka juu yao kama winchi ya bandarini, ikakishika kimoja, ikakiondoa. Nikamwuliza chombo chake hukuza mara ngapi. Akajibu, “Kuanzia mara saba hadi mara arobaini na tano tu, maalim.”

Neno lile “tu” ndilo lililonifungua macho.

Yafaa basi tufahamu kwamba hadubini ziko za namna mbili kubwa, na mtu asiyezitenganisha atanunua asichokihitaji. Namna ya kwanza ni ile ya maabara za hospitali. Hiyo hukuza mara mia nne, hata mara elfu moja, na kitu kinachotazamwa hakina budi kuwa chembamba hata mwanga upenye kutoka chini, nacho huwekwa juu ya kipande cha kioo. Kwa hadubini ya namna hiyo daktari Mjerumani Robert Koch alichunguza malaria katika mji wetu huu mwaka 1897 na 1898, na kwa namna hiyo hiyo mpaka leo wapimaji wetu huvitafuta vijidudu vya malaria ndani ya tone la damu. Ni chombo kitukufu, lakini ukikiwekea mbegu, jiwe, au nzi mzima, hakitakufaa kitu.

Namna ya pili ndiyo ya yule fundi. Hukuza kidogo, aghalabu baina ya mara 10 na mara 40, lakini hukitazama kitu kizima kama kilivyo, kwa mwanga unaokiangaza kutoka juu. Ina njia mbili za mwanga, kila jicho na njia yake, nazo hukitazama kitu kutoka pande mbili zilizoachana kidogo. Akili huziunganisha picha hizo mbili, na hapo ndipo kimo na kina huonekana. Tena kitu huonekana wima, mkono wa kulia ukabaki kulia. Katika hadubini ya hospitali picha hupinduliwa, na mtoto akiisukuma mbegu kulia huiona ikienda kushoto.

Jambo hili la macho mawili kuleta picha moja ni la kale katika elimu. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alilichunguza katika kitabu chake Kitab al-Manazir. Lakini chombo chenyewe kwa umbo tulijualo kilitokana na rai ya Mmarekani aitwaye Horatio Greenough, mtaalamu wa viumbe, aliyetaka kutazama viumbe vidogo kwa macho mawili huku akivishughulikia kwa mikono. Kiwanda cha Zeiss cha mji wa Jena, Ujerumani, kikakitengeneza katika miaka ya 1890. Hata leo umbo hilo huitwa kwa jina la Greenough.

Sasa nije kwenye kununua. La kwanza, usidanganywe na tarakimu kubwa. Ukuzaji hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya lenzi ya juu, ile ya jicho, kwa nguvu ya lenzi ya chini. Lenzi ya jicho ya mara 10 juu ya lenzi ya chini ya mara 2 huleta mara 20. Juu ya ile ya mara 4 huleta mara 40. Chombo chenye daraja hizo mbili tu chatosha kabisa kwa nyumba au madrasa, na bei yake ni nafuu kuliko kile kinachokuza hatua kwa hatua kwa kuzungusha kitasa. Mtu mwenye uwezo achukue hicho cha pili, maana huanza na eneo pana, kisha ukakikaribia kitu pasipo kukipoteza. Na katika ukuzaji mdogo ndimo starehe ilimo: kwa mara 20 waweza kuona eneo la kiasi cha sentimita moja, yaani mdudu mzima na miguu yake.

La pili ni nafasi baina ya lenzi na kitu. Mafundi huipenda nafasi ya sentimita kumi au zaidi, wapate kupitisha pasi ya kulehemu. Wapo wanaofunga chini lenzi ya nyongeza ya nusu, ambayo huongeza nafasi hiyo na kupunguza ukuzaji kwa nusu. Kwa watoto sentimita sita au nane hutosha, mradi kidole na kibano vipite.

La tatu, nguzo. Hapa ndipo nilipoangukia mara ya kwanza. Ishike hadubini dukani, iguse kidogo huku ukitazama. Ikiwa picha yatikisika na haitulii upesi, iache. Kitako kizito cha chuma ni afadhali kuliko lenzi ya ziada.

Kisha tazama kwa macho yote mawili kwa muda wa dakika moja kamili. Ukiona picha mbili zisizoungana, au ukihisi macho yanavutwa, njia zake zimepotoka, na kosa hilo halitengenezwi nyumbani. Twaa nyingine. Dosari hii hupatikana sana katika vyombo vilivyotumika, ambavyo vinginevyo ni biashara nzuri kwa mwenye subira. Kuhusu mrija wa tatu wa kuwekea kamera, sikuuona umuhimu wake kwetu. Fundi anauhitaji, mtoto hauhitaji. Taa iwe ya juu na, ikiwezekana, ya chini pia, nayo iweze kutumia betri, kwa sababu zijulikanazo na kila mkazi wa mji huu.

Kutumia kwake si kugumu, ila pana adabu zake. Kwanza sogeza mirija miwili ikaribiane au iachane mpaka duara mbili za mwanga ziwe duara moja. Umbali baina ya macho ya mtoto si umbali wa macho ya baba yake, kwa hiyo kila anayekaa arekebishe upya. Kisha fumba jicho la kushoto, utazame kwa la kulia, zungusha gurudumu la pembeni mpaka kitu kiwe dhahiri. Halafu fumba la kulia, na bila kuligusa gurudumu lile zungusha pete iliyo juu ya mrija wa kushoto mpaka nako kuwe dhahiri. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha husema hadubini inaumiza kichwa. Mtu asiielekeze kamwe kwenye jua, wala kwenye kioo kinachorudisha jua.

Adui mkubwa wa lenzi katika pwani yetu ni unyevu. Ukungu huota juu ya kioo kama utando wa buibui, na ukishakita mizizi hautoki. Ifunike kila siku, ihifadhi ndani ya sanduku lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya maji, ambavyo hutupwa ovyo na wauzaji wa viatu wa Mtaa wa Congo. Vumbi lipeperushwe kwanza kwa kipulizio cha mpira. Usifute kwa mate wala kwa pindo la kanga, maana mchanga mmoja huacha mkwaruzo wa daima.

Mtauliza, tutazame nini? Anzeni jikoni. Chukueni mahindi yaliyotobolewa. Mkimwona mdudu mwenye pua ndefu kama mkonga, huyo ni fukusi. Mkimwona mwenye mwili wa mviringo kama mrija, kichwa amekificha chini ya mabega yenye meno meno kama tupa, na nyuma yake kama kumekatwa kwa panga, basi huyo ni dumuzi, ambaye wakulima wetu walimwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na hasara aliyoileta katika maghala ya mahindi ilisikika bara zima. Tazameni na mchanga wa ufukweni, ambao una vipande vya matumbawe na magamba ya rangi nyingi. Tazameni uzi wa kanga, chumvi, bawa la nzi, na picha ya gazeti, ambayo mtaiona imefanywa kwa nukta.

Nami nilirudisha amana ile. Niliwaita wazazi, nikasoma hesabu mbele yao, nikasema kosa ni langu, na kwa muda wa miezi saba nililipa kidogo kidogo mpaka tukanunua hadubini ya mara 20 na 40. Yule fundi alikuja nami dukani na kuikagua, akakataa mbili kabla ya kuikubali ya tatu.

Katika wiki ya kwanza msichana mmoja wa darasa la Juzuu Amma alileta maji kidogo ndani ya kifuniko cheupe cha chupa, yenye viumbe vinavyopinda na kunyooka. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu. Niliwafundisha watoto kwamba kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, hana mrija wa kupumulia. Wa mbu wa kawaida wa maji machafu hujining'iniza kichwa chini kwa mrija mrefu mwembamba. Na wa Aedes, mbu wa homa ya dengi, naye hujining'iniza, ila mrija wake ni mfupi mnene. Wakatazama kwa zamu. Wote walisema: mfupi, mnene.

Dengi iliusumbua mji huu mwaka 2010, ikarudi 2014, ikarudi tena 2019, na mbu wake huuma mchana, hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu.

“Umeyatoa wapi maji haya, binti yangu?”

“Katika pipa letu la udhu, maalim.”

Nilinyamaza kidogo. Pipa lile nilikuwa nikilijaza mwenyewe kila Ijumaa, kwa nia njema, nikaliacha wazi. Tulilimwaga siku ile ile. Tukalisugua kuta zake za ndani kwa brashi ngumu, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hugandamana pembeni juu ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Seremala wa jirani akatukatia mfuniko wa mbao, na sasa kila Alhamisi watoto wawili hutumwa na kifuniko cheupe kwenda kuchota maji na kuyaleta chini ya hadubini.