Kwa nini mwili unauma baada ya kupasuliwa?



“Wamenipiga nikiwa katika usingizi!” Maneno hayo tunayasikia mara nyingi. Mtu amepasuliwa ngiri jana. Leo kidonda anakivumilia, lakini shingo, mabega, mbavu na mgongo vinamwuma kama mtu aliyesukuma gari la mawe usiku kucha. Jamaa wanauliza: wamepasua tumbo, mabega yanaingia wapi? Hapo maneno ya uchawi hayako mbali.

Hakuna aliyempiga. Mara nyingi sababu ni dawa ya kulegeza misuli. Munganga wa usingizi anapaswa kuingiza mpira katika njia ya pumzi ili mashini imsaidie mgonjwa kupumua, na koo ikikazana mpira haupiti. Tena mgonjwa wa haraka pengine amekula bukari saa chache mbele. Chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa hiyo inatakiwa dawa ya upesi. Iko moja, suksametonyumu, inayouzwa pia kwa jina la Célocurine: kwa muda wa dakika moja hivi mwili wote umelegea, na baada ya dakika 5 mpaka 10 nguvu inarudi. Wagonjwa walianza kupewa dawa hiyo mwaka 1951, na tangu 1954 munganga Churchill-Davidson wa Uingereza aliandika juu ya maumivu yake.

Kwa kawaida mshipa wa fahamu unatuma habari kwa msuli: jikaze. Dawa hii inafanana na habari hiyo. Misuli yote inaipokea mara moja, inatetemeka chini ya ngozi, ndipo inalegea. Mtetemo huo ndio waganga wengi wanaoushuku.

Maumivu huanza siku ileile au kesho yake, hukaa siku 2 au 3, pengine juma zima. Wanaoamka mapema kutembea wanaumia zaidi. Hata hivyo, amka ukiruhusiwa, kwa sababu kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni. Mwili uliozoea kazi ngumu huumia kidogo kuliko mwili wa kukaa kitini. Wachimbaji, msiwacheke makarani!

Parasetamolo inasaidia, kwa kipimo na saa ulizoambiwa. Kitambaa cha moto kidogo juu ya mabega pia ni kizuri, mbali na kidonda. Aspirini ya sokoni usiimeze bila kuuliza, maana inaweza kutokeza damu katika kidonda. Na sindano za mtaani, hapana kabisa.

Lakini si kila maumivu ni ya dawa hii. Muite infirmye bila kungoja kama pumzi inakuwa fupi, kifua kinachoma, mguu mmoja umevimba, tumbo limekuwa gumu, homa imepanda, au mkojo umekuwa mweusi kama chai kali.

Neno jingine ni la kusema mbele ya kupasuliwa. Je, yuko ndugu wa damu aliyechelewa sana kupumua baada ya usingizi wa lopitali, au aliyepata moto mkali mwilini wakati wa kupasuliwa? Je, mgonjwa ana ugonjwa wa misuli? Je, siku zilizopita aliungua sana, au jiwe lilimponda mguu? Kwa watu wa namna hiyo suksametonyumu inaweza kuleta hatari kubwa. Kwa aliyeungua au kupondwa, hata kama ni majuma yaliyopita, inaweza kumwaga chumvi ya potasiamu nyingi katika damu, na moyo ukasimama. Munganga akijua, atachagua nyingine, kama rokuronyumu. Mama, kama baba hawezi kusema, useme wewe, hata kama hakuna aliyekuuliza.