Neno "Gesi" na Ugawaji wa Kipozeo katika Mitambo ya Maziwa

Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet wakulima wengi hufuga pia ng'ombe, na maziwa yao hupozwa hadi kiasi cha nyuzi 4 za Selsiasi kabla ya kupelekwa viwandani, kama kile cha Sotik. Fundi wa mitambo hiyo husema "kujaza gesi". Makala haya yanadai kwamba neno hilo laficha jambo la msingi.

Kitu kizungukacho mtamboni, ambacho twapendekeza kiitwe kipozeo, si gesi wakati wote. Kipitapo kwenye vali ya upanuzi, shinikizo hushuka ghafula na sehemu yake hugeuka mvuke. Kinachobaki ni kiowevu, nacho ndicho kipozacho kwa kuchemka. Mvuke huchukua nafasi kubwa, bali kiowevu ni kizito: katika bomba lililolala hukaa chini. Mkondo ukigawanywa hivyo katika mabomba kadhaa, yako yatakayopata kiowevu tele na yatakayopata mvuke mwingi. Ni kama kupakua mchuzi usiokorogwa: kila bakuli hujaa, lakini nyama si sawa. Kwa hiyo kigawanyi husimamishwa wima karibu na vali, mchanganyiko ukiwa bado umevurugika, na mabomba yake hufanywa ya urefu na upana mmoja.

Asemaye "gesi" aweza kudhani kwamba kujaa ni kutosha. Kumbe bomba lililopungukiwa halipozi vema, kiowevu cha ziada chaweza kurudi na kuharibu kompresa, na maziwa ya mkulima huchacha. Yafaa basi tuseme kipozeo, na ndani yake tupambanue kiowevu na mvuke.