Dereva, usimnyanyue kwa pupa: huduma ya kwanza kwa aliyeumia uti wa mgongo

Haisi imeacha njia kwenye kona na kulala ubavu mtaroni. Kabla vumbi halijatulia, watu wameshafika mbio kutoka mashambani na kijiweni. Mmoja anamshika abiria mikono, mwingine miguu, wanamtoa dirishani na kumbananisha katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, safari ya zahanati inaanza. Wote wana nia njema. Lakini kama abiria huyo amevunjika pingili ya shingo, safari hiyo ndiyo inayoweza kumfanya asitembee tena.

Uti wa mgongo ni pingili za mifupa zilizopangana kuanzia shingoni hadi nyongani. Ndani yake inapita kamba laini ya mishipa ya fahamu, inayopeleka taarifa kati ya ubongo na mwili. Pingili inaweza kuvunjika na kamba hiyo ikabaki nzima. Ukimkunja majeruhi, ukimvuta au kumgeuza kichwa, kipande cha mfupa kinaweza kuibana au kuikata, nayo haiungi kama mfupa wa mguu unavyounga. Ikiumia sehemu ya kiunoni, miguu hupooza. Ikiumia shingoni, mikono nayo inaweza kupooza, hata kupumua kukawa shida.

Hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ina mabingwa wa majeraha haya. Lakini kwa msikilizaji wetu wa Kibondo au Tunduru, Dar es Salaam ni mbali sana, na gari la wagonjwa halifiki upesi. Anayefika kwanza ni dereva, konda au kijana wa bodaboda. Ndiyo maana tunazungumza nao.

Nani wa kushukiwa?

Mshuku yeyote aliyerushwa kutoka kwenye gari au pikipiki, au aliyeanguka kutoka juu ya mzigo. Mshuku anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, anayehisi ganzi, anayeshindwa kusogeza mikono au miguu, au aliyejikojolea bila kujua. Asiyejitambua naye mchukulie kuwa ameumia uti wa mgongo. Na mtu kusimama na kutembea baada ya ajali si ushahidi kwamba shingo yake ni nzima.

Ufanye nini?

Kwanza, linda eneo. Zima injini, weka viakisi au matawi barabarani pande zote mbili, zuia watu wasivute sigara karibu na mafuta yaliyomwagika. Mtu mmoja apige simu: 112 ni namba ya dharura ya polisi, 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.

Pili, mwendee majeruhi kwa mbele, ili asigeuze shingo kukutazama. Mwambie, "Tulia, usitikise kichwa, tupo na wewe." Piga magoti upande wa kichwani, kishike kwa mikono miwili kama kilivyo. Usijaribu kuinyoosha shingo iliyopinda.

Tatu, angalia pumzi na damu. Pumzi inatangulia shingo. Kama hapumui vizuri, sukuma taya lake la chini kuelekea mbele bila kukunja shingo. Kama hapumui kabisa, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Damu inayotoka kwa wingi ikandamize kwa kitambaa safi.

Nne, mfunike asipate baridi, kisha subirini msaada. Usimpe maji wala chakula, usimkande mgongo, usimkalishe. Mwenye pikipiki usimvue helmeti, isipokuwa inazuia pumzi.

Kama ni lazima ahamishwe

Moto, maji yanayojaa au gari linalotaka kubiringika havisubiri. Hapo mburute kwa kushika nguo zake mabegani, kichwa kikiwa kimeegemea mikono yako, mwili ukifuata kwa mstari ulionyooka.

Kama hakuna moto lakini msaada hauji, tafuteni ubao mpana au mlango, na watu wanne au watano. Anayeshika kichwa ndiye kiongozi. Wengine washike bega, kiuno na miguu. Kiongozi akihesabu moja, mbili, tatu, wote wamgeuze kwa pamoja kama gogo, pua ikiwa sawa na kitovu. Ubao usukumwe chini yake, kisha arudishwe taratibu. Mfungeni kwa kanga kifuani, nyongani na miguuni, halafu wekeni kanga zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa. Akitapika, mgeuzeni hivyohivyo, mwili wote kwa pamoja.

Msafirisheni akiwa amelala, kwenye pikapu au Kanta, si kwenye bodaboda. Endesheni taratibu, hasa penye mashimo. Mkifika, mwelezeni mganga ajali ilitokea saa ngapi na kama majeruhi alikuwa anasogeza miguu. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe na mtu mwingine, majeruhi asiachwe akiisubiri barabarani.

Dereva anayeogopa kupigwa

Tunajua madereva wengi hukimbia baada ya ajali kwa kuhofia hasira za wananchi. Kama maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa. Lakini majeruhi wanabaki pale pale. Kwa hiyo ujuzi huu usikae kwa dereva peke yake. Konda aujue, utingo aujue, na wewe abiria wa kila gulio uujue pia, maana siku hiyo huenda wewe ndiye utakayepaza sauti, "Msimvute! Mshikeni kichwa kwanza!"

Tunawaomba madereva na vijana wa bodaboda mjaribu jambo hili stendi, abiria wakiwa wachache. Mmoja alale chini, tafuteni ubao na kanga mbili, mumgeuze kama gogo hadi mikono yenu izoee kwenda pamoja. Zoezi hilo halimalizi dakika kumi, wala halitumii mafuta.